Diski ya Breki na Kutu Yake

Neno la Kiingereza "rotor", likihusu breki, limeenea kupitia vitabu vya ufundi vinavyofuata Kiingereza cha Marekani, na anayefasiri vitabu hivyo hushawishika kuandika rota, amalize kazi. Kwa upande wa pikipiki hilo si jambo zuri, kwa kuwa jina rota lina mwenyewe. Ni kile chuma chenye sumaku kinachozunguka pembeni mwa injini na kuzalisha umeme wa taa na betri. Mteja akifika dukani akaomba rota, muuza spea ana haki ya kumletea kifaa cha umeme.

Mafundi wetu wanasema diski, na naona wako sahihi. Istilahi kamili iwe diski ya breki: bamba la chuma la mviringo lililofungwa kwenye habu, linalozunguka pamoja na gurudumu, na ambalo pedi mbili ndani ya kalipa hulibana dereva anapovuta breki. Wapo wanaopendelea sahani ya breki. Ni Kiswahili kizuri, ila gereji ina pleti zake za klachi tayari, na sahani inazikaribia mno. Diski ya breki inakaa vizuri pia kando ya mwenzake wa siku nyingi, breki ya ngoma, ambayo bado imo kwenye bodaboda nyingi.

Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Ilichukua miaka mingi kufika kwenye pikipiki za kawaida. Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyoizoesha dunia breki ya diski ya mbele inayosukumwa na mafuta. Diski za pikipiki kwa kawaida hutengenezwa kwa kile tunachokiita chuma kisichoshika kutu, tofauti na za magari, ambazo nyingi ni za chuma cha kusubu na hugeuka rangi ya chungwa baada ya usiku mmoja tu wa mvua.

Jina hilo, chuma kisichoshika kutu, linaahidi mengi kuliko linavyoweza kutimiza. Chuma hicho hujilinda kwa kromiamu, ambayo huunda utando mwembamba sana juu yake. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe ukipata hewa. Lakini diski inatakiwa iwe ngumu ili pedi zisiile upesi, na ugumu huo unadai kaboni, nayo kaboni huteka sehemu ya kromiamu. Kwa hiyo diski ya breki hupata kinga ya wastani tu. Chumvi ya hewa ya pwani huupasua utando huo, na pale pedi ilipogusana na diski unyevu hukaa bila hewa ya kutosha kuutengeneza upya. Ndiyo maana pikipiki iliyoachwa uani Tanga au Mombasa misimu kadhaa ya mvua, ukiivua kalipa, unakuta umbo la pedi limechorwa kwenye diski kwa kutu nyeusi, pembe zake zote zikionekana.

Hapa lugha ya gereji inahitaji maneno mawili, kwa sababu neno moja, kutu, linaficha uamuzi mkubwa. Napendekeza kutu ya uso na kutu ya vishimo. Kutu ya uso ni unga mwekundu ulioketi juu ya chuma, na sehemu yake hutoka kwenye chembe za chuma zilizomo ndani ya pedi zenyewe. Hiyo husafishika. Kutu ya vishimo imekula ndani. Pitisha ukucha taratibu juu ya alama baada ya kuisugua: ukucha ukikwama, umekutana na shimo, na msasa wa mkono hauliondoi bila kuipunguza diski yote.

Na diski haipunguzwi ovyo. Pembeni mwake kwa kawaida kumegongwa herufi MIN TH pamoja na namba ya milimita, yaani unene wa chini unaoruhusiwa. Pima kwa mikromita katikati ya njia ya pedi. Ukipima kwa venia ya kawaida, meno yake hukalia ukingo wa nje ambao pedi haijawahi kuugusa, ukadanganywa kwamba diski bado nene. Ikiwa imeshuka chini ya namba hiyo, au vishimo vimejaa njia ya pedi, nunua nyingine. Hakuna ufundi wa kuiokoa.

Iliyo salama ivue na uilaze juu ya meza tambarare. Osha kwa maji na sabuni, kisha sugua kwa msasa wa namba 120 uliofungwa kwenye kipande cha ubao, ukizungusha mkono kwa miduara midogo inayopishana, pande zote mbili sawasawa. Mashine ya kusaga iache kabisa: hula upande mmoja kuliko mwingine, na mpini wa breki utakuwa unapiga vidole kila ukisimama. Matundu ya diski yazibue kwa keekee ndogo unayoizungusha kwa mkono. Maliza kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi. Usipake dizeli, mafuta ya taa wala mafuta ya kulegeza nati, hata kidogo. Nimeshaona watu wakiipuliza diski mafuta "isishike kutu tena". Mafuta hayo huingia kwenye pedi, na pedi iliyolowa haishiki.

Pedi za zamani sipendi kuzirudisha, hasa zilizovimba kutu kwenye bamba la nyuma hadi zinaanza kubanduka. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo. Pedi za kale ziliweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kalipa nayo iangaliwe siku hiyohiyo, maana bastola yake ikiwa imeganda, pedi itaendelea kugusa diski na kuichoma. Safisha shingo ya bastola kabla ya kuisukuma ndani, la sivyo uchafu wake utachana sili. Mafuta ya breki yamwagwe yote, yatiwe mapya. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu mpini unaweza kuzama mpaka kwenye usukani. Ukishafunga kila kitu, vuta mpini mara kadhaa mpaka ukaze kabla gurudumu halijasogea, kisha endesha polepole mahali pasipo na watu, ukishika breki kidogokidogo na kuachia, mpaka njia ya pedi ing'ae kwa upana wake wote.