Saba Saba Ng'ambo ya Mto Kagera

Jirani yangu mmoja hapa Lufingo, mzee aliyeshiriki vita vya Kagera na ambaye kwa miaka mingi nilimjua kama mkulima wa chai na ndizi tu, alikuwa amekata mianzi ya kuegemezea migomba iliyoinamishwa na mikungu, nami nilipomwuliza habari za silaha ile ambayo Waganda waliiita Saba Saba, alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuipanga mianzi yake juu ya mkokoteni: kumi chini, kumi juu yake, na kumi, na kumi tena, hata ikatimia arobaini, midomo yote ikielekea mlima Rungwe. "Ndiyo hii, mwanangu," akasema. Halafu akaigusa mianzi ile mmoja baada ya mmoja kwa ncha ya kidole, akihesabu upesi upesi bila ya kuvuta pumzi, na alipofika arobaini akanitazama. Wajuzi wa mizinga huandika kwamba gari moja la namna ile humaliza kutupa roketi zake zote kwa muda wa sekunde 20. Kidole cha mzee hakikupishana na hesabu yao kwa kiasi cha kutajika.

Jina la silaha yenyewe, kwa walioitengeneza, ni BM-21, nayo iliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1963, mitutu 40 ya kipenyo cha milimita 122 ikiwa imefungwa nyuma ya lori la Ural, kila mtutu ukibeba roketi moja ndefu kuliko kimo cha mtu, iwezayo kwenda takriban kilomita 20. Warusi waliipa lakabu ya Grad, maana yake mvua ya mawe, na sidhani kama kuna mahali katika nchi yetu ambapo lakabu hiyo hufahamika upesi kuliko huku kwetu, kwa kuwa mkulima wa Rungwe aliyewahi kuona wingu jeusi likishuka kutoka mlimani na kuyachanachana majani ya chai kwa muda mfupi anajua vyema kwamba mvua ya mawe haibagui shamba la huyu na shamba la yule. Huangukia eneo zima, na kila kilichomo ndani ya eneo hilo hupata fungu lake.

Asili ya silaha hizi ni ya kale kuliko aghalabu ya watu wanavyodhani. Zile fashifashi zilizokuwa zikirushwa katika sherehe za miji ya pwani ni ndugu zake wa damu, maana zote huendeshwa na moto uliobebwa ndani ya chombo chenyewe. Watawala wa Mysore katika Bara Hindi, Hyder Ali na mwanawe Tipu Sultan, walizitumia roketi za mabomba ya chuma kuwahangaisha Waingereza mwishoni mwa karne ya kumi na nane, hata Mwingereza William Congreve akaziiga na kuziendeleza. Na mwezi wa Aprili 1868 mabaharia wa Kiingereza walizipandisha roketi juu ya migongo ya nyumbu mpaka Magdala, Uhabeshi, wakazirusha dhidi ya majeshi ya Mfalme Tewodros. Lakini aliyezipakia juu ya lori akazifanya silaha ya kutisha majeshi makubwa ni Mrusi, na siku yake ni tarehe 14 Julai 1941, ambapo kikosi cha Kapteni Ivan Flyorov kiliwashambulia Wajerumani huko Orsha kwa magari ambayo askari waliyaita Katyusha, jina la mapenzi la msichana aitwaye Katerina.

Kwetu sisi silaha hizi zilikuja na vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, walivuka mpaka wakaikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe na mali, na Amin akatangaza kwamba nchi ile ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kwamba sababu ya kupigana ipo, nia ipo na uwezo upo. Na kuanzia hapo makumi ya maelfu ya mgambo, wakiwamo vijana wa milima hii ambao hawajapata kuliona ziwa Viktoria, walichukuliwa kwa magari na treni kutoka pembe ya kusini ya nchi hadi pembe yake ya kaskazini magharibi.

Liko jambo moja la siku zile ambalo naomba msomaji alishike, maana nitalirudia. Askari wa Amin walitaka kulivunja daraja la Kyaka ili majeshi yetu yasivuke, wakatuma ndege kulipiga, na ndege zile zikalikosa. Daraja likabaki limesimama katikati ya mto, kubwa, halisogei, halina pa kujificha, na bado likakoswa. Hatimaye, tarehe 3 Novemba, ilibidi baruti ifungwe kwa mikono juu ya daraja lenyewe, kazi iliyofanywa na mjuzi aliyeletwa kutoka machimbo ya Kilembe, ndipo likaanguka.

Kutoka ukingo wa kusini mizinga yetu ilianza kujibu, na miongoni mwake yalikuwamo magari ya BM-21. Askari wa Uganda waliogopa mizinga yote, ila hiyo waliiogopa kwa hofu ya namna nyingine, kwa sababu mzinga wa kawaida hutoa sauti moja na kumwachia mtu nafasi ya kuinua kichwa, ilhali roketi hizi hufika zikifuatana, mlio juu ya mlio, mpaka aliyelala chini asijue ipi ni ya mwisho. Wakazipa jina la Saba Saba, jina ambalo kwetu ni la siku ya kuzaliwa kwa chama cha TANU, tarehe 7 Julai 1954, na ambalo kule kwao, hata leo, humkumbusha mtu mzima ngurumo iliyotoka kusini. Majeshi yetu yakavuka mpaka, na Mutukula ikatwaliwa mwezi wa Januari 1979. Masaka na Mbarara zilitwaliwa Februari, baada ya kupigwa mizinga kwa uzito uliozibomoa nyumba nyingi za raia ambao hawakuwa na shauri lolote katika maamuzi ya Amin. Naliandika hili kwa huzuni, nikiwa Mtanzania anayeona fahari juu ya vita vile, kwa kuwa historia inayotaja daraja lililovunjwa kwetu na kunyamazia mji uliovunjwa kwao ni historia nusu.

Kisha ikaja Lukaya. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201, yenye wengi ambao hawajapata kuonja vita, ilikuwa katika mji huo mdogo ulio kando ya kinamasi, kwenye barabara iendayo Kampala, na mara jeshi la Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wakiwa na vifaru na Katyusha zao wenyewe, likawakabili. Roketi za Walibya zilipita juu ya vichwa vya vijana wetu zikaangukia mbali nyuma yao. Hazikumlenga mtu sawasawa. Lakini mngurumo wake peke yake ulitosha kuzivunja safu, na wengi wakakimbia, na waliosalia wakajitupa ndani ya kinamasi. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilizunguka kutoka kaskazini magharibi usiku ule ule, ikawashambulia Walibya alfajiri ya tarehe 11 kutoka upande wasioutazamia, na ushindi ukarudi kwetu. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka.

Nilimwuliza mzee sababu ya roketi zile kupita juu. Akauinua mwanzi mmoja, akaurusha kama mkuki, na upepo wa jioni ukauvuta mkia wake pembeni. Hiyo ndiyo elimu yote kwa ufupi: moto wa roketi huwaka kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa safari, na baada ya hapo chombo husafiri kama jiwe lililotupwa, kikitegemea mapezi yake madogo na kuzunguka kwake, hivi kwamba upungufu mdogo wakati wa kutoka mtutuni huwa mamia ya mita mwisho wa safari. Ndiyo maana ziliwekwa arobaini. Asiyeweza kulenga nyumba hulenga mtaa. Hata ndege hazikuwa na afadhali kubwa katika vita vile, kwani mwishoni mwa Machi ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza ilitupa mabomu yake katika kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, na waliokufa ni swala.

Sasa narudi kwenye daraja. Mwezi wa Julai 2022, kusini mwa Ukraine, daraja la Antonivsky lililo juu ya mto Dnipro karibu na mji wa Kherson lilitobolewa kwa roketi ambazo Waukraine walizirusha kutoka mbali kwa magari ya Kimarekani yaitwayo HIMARS, matundu yakipangana juu ya barabara yake kama yaliyochimbwa kwa makusudi na fundi. Gari hilo hubeba roketi sita tu, wala si arobaini, na watu watatu hulitosha. Kila roketi ina kipokezi kinachosikiliza setilaiti na chombo cha ndani kinachopima mwendo wake, na puani ina mapezi manne madogo yanayoisukuma huku na huku angani mpaka ifike ilikoagizwa, umbali wa kilomita 70 na zaidi. Warusi waliokuwa wameukalia mji huo kwenye ukingo wa magharibi walianza kuvusha chakula na risasi kwa pantoni, na mwezi wa Novemba wakauacha mji. Baadaye walijifunza kuivuruga sauti ya setilaiti, na roketi nyingi zikaanza kupotea tena.

Jeshi letu nalo limepiga hatua, maana pamoja na BM-21 zake lina sasa A100 ya Kichina, yenye mitutu kumi ya milimita 300. Na vijana wa upande wetu hawakuacha kuwa karibu na mambo haya: mwaka 2013, brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi ilipopelekwa Goma kupambana na waasi wa M23, aliyeiongoza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, jina ambalo msomaji wa Rungwe halimpi taabu kulitamka, na katika vilima vya Kibati zilisikika tena roketi za milimita 122, safari hii za jeshi la Kongo, zile zile za miaka ya Kagera.

Siamini kwamba roketi inayojua njia ina rehema kuliko isiyojua. Naamini tu kwamba imeongeza hesabu ya anayeirusha: mpiga mizinga wa mwaka 1979, nyumba ya raia ilipoanguka Masaka, aliweza kusema kwamba alilenga kambi, na huenda alisema kweli, lakini wa leo, nyumba ikianguka, ataulizwa nani aliyeandika namba za mahali pale.

Mzee alinisikiliza nikimweleza habari za Kherson, akauliza kama daraja lile lilikuwa refu kuliko la Kyaka, nikamwambia ni refu sana. Akasema wenziwe kadhaa wamelala Kaboya, katika makaburi ya mashujaa, na kwamba hajapata nauli ya kwenda kuwazuru. Upepo ukaanza kushuka kutoka mlimani. Akaichukua mianzi miwili miwili begani, tukaingia pamoja katika migomba, mimi nikiuinua mkungu na yeye akichomeka mwanzi chini yake.