Jina, Kivumishi au Kitenzi? Jinsi Neno la Kiingereza Lilivyopoteza Alama Yake

Mfasiri akiletewa neno "empty" peke yake, litiwe juu ya pipa, hana njia ya kulitafsiri kwa hakika. Akilichukua kuwa kivumishi ataandika "Tupu". Akilichukua kuwa kitenzi ataandika "Mwaga". Msomaji wa kibao cha kwanza atapita zake, na wa pili atainamisha pipa. Chanzo cha mashaka haya kimo katika historia ya Kiingereza chenyewe.

Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho iliyotambulisha aina ya neno. Jibu liliitwa "andswaru", na kujibu "andswarian". Upendo "lufu", na kupenda "lufian". Kivumishi "open" nacho kilikuwa na kitenzi chake, "openian". Sisi tusemao "safi" na "safisha" hatuoni ajabu hapo. Miisho hiyo ilikwisha anza kudhoofika kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, na katika karne zilizofuata ikatoweka: irabu zake zikafifia zikawa sauti moja, "n" ya mwisho ikaanguka, kisha sauti ile nayo ikanyamaza. Yakabaki mashina matupu, "answer", "love" na "open", kila moja likibeba kazi mbili au zaidi kwa umbo lile lile.

Wanasarufi hawakuwahi kuleta msaada. Donatus, aliyeandika sarufi ya Kilatini katika karne ya 4, alitaja aina nane za maneno, na kivumishi hakikuwamo. Kilihesabiwa kuwa jina, kwa kuwa vyote viwili vilinyambuka kwa namna moja. William Bullokar, aliyechapisha sarufi ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata njia hiyo ya Kilatini. Robert Lowth, mwaka 1762, alikipa kivumishi nafasi yake. Lakini shuleni iliendelea kufundishwa kwamba kitenzi ni neno la tendo. Je, "arrival" si tendo? Nalo ni jina.

Mmarekani Charles Fries ndiye aliyeshika njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1952. Alichunguza mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, akayaacha majina ya zamani, akayapanga maneno kwa nafasi yanayoweza kukaa katika sentensi. Kipimo hiki chamfaa sana mfasiri. Katika "they open the door", neno "open" limefuata mtenda na kutangulia kitendwa: ni kitenzi. Katika "the open door" limekaa kati ya "the" na jina: ni kivumishi.

Hata hivyo nafasi hiyo ya pili ina mtego, maana jina nalo hukaa hapo. "Health officer" si ofisa mwenye afya, bali bwana afya. "Healthy" ndiyo ingekuwa kivumishi. Neno linalokataa kutanguliwa na "very" mahali hapo, aghalabu ni jina, na Kiswahili hulipokea kwa "-a" unganifu: "stone wall" ni ukuta wa mawe.

Kwa hiyo idara zinazopeleka orodha za maneno ili yapatiwe istilahi, hapana budi ziambatanishe kila neno na sentensi lilimotokea. Orodha ya maneno matupu, hata ikiwa imepigwa chapa vizuri, yafaa irejeshwe ilikotoka kabla kikao hakijaanza.