Soketi ya taa ya mbele imeyeyuka? Usikimbilie kubadilisha balbu

Umeweka balbu mpya kwenye taa ya mbele, ikawaka siku tatu, kisha ikaanza kufifia. Ukiigonga inawaka, ukiingia kwenye matuta inazima. Kabla hujanunua balbu nyingine, zima taa, subiri zipoe, fungua boneti na uchomoe soketi nyuma ya taa. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia, imevimba au imeng'ang'ania miguu ya balbu, basi ugonjwa umeuona.

Hili ni tatizo la kawaida kwa magari ya zamani yanayotumia balbu ya H4, ile ya miguu mitatu yenye dimu na fulu ndani ya balbu moja. Na si la kuahirisha. Usiku, gari lenye taa moja dereva wa mbele anaweza kudhani ni bodaboda, akakuachia nafasi ya bodaboda.

Sasa kwa nini inayeyuka? Balbu ya wati 60 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea 5. Vibati vya ndani ya soketi vikilegea au vikishika kutu, umeme unapita kwa kulazimisha, na hapo ndipo joto linazaliwa. Ukinzani wa nusu omu tu unatosha kutoa joto la karibu wati 10 kwenye kibati kidogo kuliko ukucha. Joto hilo linakilegeza zaidi, na kadiri kinavyolegea ndivyo joto linavyopanda, mpaka plastiki inasalimu amri.

Wengi hushangaa: mbona fyuzi haikukatika? Fyuzi hukatika umeme ukizidi. Hapa haujazidi, tena umepungua kidogo, ndiyo maana taa inafifia. Kwa hiyo fyuzi kuwa nzima haimaanishi kila kitu kiko salama. Na wale wanaoweka balbu za wati 100 kwenye waya za kiwandani wajue kwamba joto kwenye kibati kilekile linakuwa karibu mara tatu.

Dawa ni soketi mpya. Ukipata ya kauri chukua hiyo, maana haiyeyuki kama plastiki. Lakini soketi ya kauri haitibu kibati kilicholegea, kwa hiyo chagua yenye vibati vinavyobana balbu kwelikweli na yenye waya nene, angalau milimita za mraba 1.5.

Toa waya hasi wa betri kwanza. Kisha piga picha ya soketi ya zamani kwa simu yako, ionyeshe rangi ya kila waya na mguu wake. Usibahatishe kwa kufuata gari la jirani: kwenye Toyota nyingi za zamani waya wa moto ni mmoja kwa dimu na fulu, na swichi inakata upande wa athi. Fundi asiyejua hilo anaweza kukuchanganyia taa zote. Kata na unganisha waya mmoja mmoja, umalize ndipo uende kwa mwingine.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Waya uliopikwa na joto unakuwa mweusi ndani na mgumu. Ukiunganisha hapo, umehamisha tatizo sentimita tano nyuma. Endelea kukata hadi ukute shaba inayong'aa, na kama waya umekuwa mfupi, ongeza kipande cha unene uleule au zaidi. Kiungo kibanwe kwa koleo maalumu la kubania terminali, kisha kivishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota kwa mkono na kuzungushia tepu ni kazi ya kufika nyumbani tu, si zaidi. Gundi ya tepu inayeyuka kwenye joto la injini, maji yanaingia, na kutu inaanza upya.

Balbu nayo itazame. Miguu ikiwa imeungua au kubadilika rangi, itupe, maana itakuharibia soketi mpya. Usiguse kioo chake kwa vidole.

Ukimaliza, washa injini na taa kwa dakika 15. Pima volti kwenye betri, halafu nyuma ya soketi kati ya waya wa moto na waya wa taa inayowaka. Tofauti ikizidi nusu volti, bado kuna mahali umeme unapotea. Mara nyingi ni athi iliyoshika kutu kwenye bodi, au swichi iliyochoka. Swichi ikiwa ndiyo yenye shida, mwambie fundi akufungie rilei, taa zichukue umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake.

Halafu chomoa soketi ya upande wa pili uitazame. Ina umri uleule.