Buibui na Uzi Wake: Ramani za Marejeleo na Maandishi Yahusuyo Kagerankanda

Mwanafunzi anayekusudia kuchunguza lugha ya watu wa Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kigoma, siku hizi aweza kuanza kwa kuchora ramani ya maandishi yaliyotangulia. Kompyuta humwekea kila makala kuwa nukta, na kila rejeleo kuwa mstari. Swali letu ni hili: je, ramani hiyo ni historia ya elimu, au ni historia ya uorodheshaji wake?

Chanzo cha ramani hizi ni cha kihistoria hasa. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza faharasa ya marejeleo ya sayansi. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakaitumia kuchora historia ya utafiti wa DNA. Baadaye zikaja programu: Pajek, iliyoanza kutengenezwa Slovenia mwaka 1996, na ambayo jina lake kwa lugha ya huko maana yake ni buibui, kisha CiteSpace ya Chaomei Chen, na VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden, iliyoelezwa na Nees Jan van Eck na Ludo Waltman mwaka 2010. Lakini buibui hafumi ila kwa uzi alio nao. Rejeleo lisiloingizwa katika hifadhidata halichorwi.

Taaluma ya Kiswahili yadhihirisha jambo hili. Taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, iliyokuja kujulikana kama TUKI, mwaka 2009 iliingia katika TATAKI. Jarida la *Kiswahili* nalo lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha, likabadilishwa jina zaidi ya mara moja. Programu isiyoelekezwa itauona urithi huo mmoja kuwa nukta kadhaa dhaifu, na kila moja itaonekana haina uzito.

Kwa Kagerankanda tatizo huzidi. Jina lenyewe huandikwa pia kwa maneno mawili, Kagera Nkanda. Programu ihesabuyo neno mojamoja italichanganya na Mkoa wa Kagera. Kiha, kwa maandishi ya kigeni, huitwa "Ha", herufi mbili ambazo pia ni kifupi cha hekta. Mwaka 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko na Kibondo; hivyo "Kibondo" ya maandishi ya kale si Kibondo ya leo. Tena, sarufi ya Kiha ya Lotta Harjula (2004) na *Atlasi ya Lugha za Tanzania* (2009) ni vitabu, na hifadhidata zilizojengwa juu ya majarida huvipa vitabu nafasi finyu.

Hatari yake si ndogo. Mtafiti akidhani kuwa patupu pa ramani ni patupu pa elimu, atawanukuu wale wale waliokwisha nukuliwa, na ramani ya kesho itazidi kuwasahau waliosahauliwa.

Dawa haiko mbali. VOSviewer hupokea faili la majina mbadala, linalounganisha TUKI na majina yake mengine, na Kiha na "Ha". Kazi hiyo, pamoja na kuingiza marejeleo ya majarida yetu ya zamani, yahitaji mtu ajuaye lugha na mahali. Hapana budi wanafunzi wa Kiswahili waifanye, kabla hawajaisadiki ramani.