Jicho la Samaki na Neno la Mkataba: Historia ya Uvuvi katika Ziwa Mille Lacs

Kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la Minnesota, liko ziwa liitwalo Mille Lacs. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 530, na kina chake hakizidi mita 13 hivi. Ziwa Viktoria lingeweza kulimeza zaidi ya mara mia moja. Walakini, historia ya uvuvi wake imefika hadi mahakama iliyo juu ya zote nchini Marekani, na inastahili kusomwa na kila mtu anayejishughulisha na lugha. Katika makala haya tutajaribu kueleza maswali mawili ambayo watu wa ziwa hilo wameulizana tangu zamani: samaki wako wapi, na ni nani mwenye haki ya kuwavua.

Samaki wanaotafutwa zaidi huko ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye Waingereza humwita walleye. Nasi tutamwita wolai. Wenyeji wa asili wa kabila la Waojibwe humwita ogaa. Wa pili ni bass mwenye mdomo mdogo, ambaye tutamwita besi. Tabia zao ni mbalimbali, na anayetaka kuwapata hana budi kuzijua kwanza.

Wolai ana jicho kubwa lenye utando mng'avu nyuma yake, kama la paka. Utando huo humwezesha kuona vyema penye mwanga hafifu: alfajiri, magharibi, usiku, au siku ambayo upepo unayachafua maji. Hapo samaki wadogo anaowawinda hawaoni sawasawa, lakini yeye anaona. Jua likiwa kali na maji yakiwa maangavu, hushuka kilindini. Majira ya kuchipua, mara tu barafu inapoyeyuka, wolai husogea kwenye kokoto za ufukweni kutaga mayai, kisha huyaacha hapo bila mlinzi. Wakati wa kiangazi wengi wao huenda kwenye vilima vya matope vilivyo katika nusu ya kaskazini ya ziwa, kwa kuwa mabuu ya wadudu wanaowala hukaa katika matope hayo.

Besi ni kinyume chake. Yeye ni samaki wa mawe na maji maangavu, na chakula akipendacho ni kamba wadogo wa maji yasiyo ya chumvi. Dume huchimba kiota na kuyalinda mayai mpaka vifaranga watoke. Nusu ya kusini ya ziwa, yenye miamba mingi chini ya maji, ndiyo makao yake hasa.

Elimu hiyo si mpya. Kabla ya Waojibwe, ziwa hilo lilikuwa la Wadakota, na mwaka 1680 padri Louis Hennepin alipelekwa huko akiwa mateka wao. Katika karne ya 18 Waojibwe waliingia kutoka mashariki, na Wadakota wakasogea kusini na magharibi. Waojibwe walivua usiku, majira ya kuchipua, wakisimama katika mitumbwi ya magome ya miti, mmoja akishika mwenge na chusa mkononi. Wasomaji wetu wanaoishi kando ya maziwa yetu makuu watakumbuka uvuvi wa dagaa kwa taa za karabai. Lakini iko tofauti: taa ya karabai huwavuta dagaa wakusanyike, ilhali mwenge wa Waojibwe uliwafichua wolai, kwa kuwa jicho lao liliurudisha mwanga likawaka mfano wa kaa la moto. Wafaransa walipouona uvuvi wa namna hiyo katika nchi ya jirani, ambayo leo ni jimbo la Wisconsin, walipaita mahali hapo Lac du Flambeau, yaani Ziwa la Mwenge. Jina hilo lingalipo.

Tarehe 29 Julai 1837 Waojibwe walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Serikali iliitaka misitu yao kwa ajili ya mbao za misonobari. Wasemaji wa Waojibwe walieleza kwamba wanataka kubaki na miti, mito na maziwa yanayowapa riziki. Mkataba ukaandikwa kwa Kiingereza, na wakalimani wakaufasiri kwa Kiojibwe. Kifungu cha 5 kiliwahakikishia kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga wa mwituni katika nchi waliyoitoa. Lakini neno lililotumika halikuwa “haki”. Lilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya upendeleo au ruhusa, tena likafungwa na sharti: kwa kadiri itakavyompendeza Rais.

Mwalimu wa lugha ataiona mara moja hatari iliyofichika hapo. Haki haiondolewi kwa kupenda kwa mtu, hisani huondolewa. Waliosikiliza tafsiri kwa lugha yao walielewa kwamba wataendelea kuishi kama walivyoishi. Walioandika walijiachia mlango wa kutokea. Mwaka 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri ya kuifuta ruhusa hiyo na kuwahamisha Waojibwe. Mkataba mwingine wa mwaka 1855 uliwatengea eneo la kukaa penye ziwa la Mille Lacs, na mwaka 1858 Minnesota ikawa jimbo kamili. Tangu hapo serikali ya jimbo ilihesabu kwamba ruhusa ya mwaka 1837 imekwisha, na Mwojibwe aliyevua nje ya eneo lake kinyume cha sheria za jimbo aliweza kushtakiwa.

Wakati huohuo ziwa lilipata wavuvi wapya. Katika karne ya 20 nyumba za wageni zilijengwa pande zote, na kuvua kwa ndoana kukawa starehe na biashara. Wakati wa baridi, uso wa ziwa ukiwa barafu tupu, watu hukokota vijumba juu yake, wakatoboa barafu na kutumbukiza mishipi yao, hata pakawa kama kijiji. Katika miaka ya 1950 Carl Lowrance na wanawe walianza kutengeneza chombo kidogo cha mwangwi, ambacho hutuma sauti majini na kuonyesha kina na samaki walioko chini. Kilichokuwa elimu ya mtu aliyekulia ziwani kikaanza kuuzwa dukani. Mwaka 1965 wolai alitangazwa kuwa samaki wa jimbo la Minnesota. Basi samaki mmoja akawa na watu wa namna mbili waliomwona kuwa wao.

Ugomvi ulilipuka kwanza Wisconsin. Mwaka 1983 mahakama ya rufani iliamua kwamba haki za Waojibwe za kuvua zilikuwa bado hai. Walipotoka usiku na vyusa vyao katika majira ya kuchipua, makundi ya watu yaliwangojea penye magati wakiwatukana, na wengine wakiwarushia mawe. Huko Minnesota, Waojibwe wa Mille Lacs walilishtaki jimbo mwaka 1990. Wanahistoria na wataalamu wa lugha walitoa ushahidi, na mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa ni namna maneno ya mkataba yalivyoweza kufasiriwa kwa Kiojibwe mwaka 1837. Sheria ya Marekani ina kanuni kwamba mkataba wa aina hiyo usomwe kama wenyeji wenyewe walivyouelewa. Tarehe 24 Machi 1999 majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba Waojibwe bado wana haki yao. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba amri ya mwaka 1850 haikuwa na nguvu ya sheria, na kwamba wala mkataba wa mwaka 1855 wala kuundwa kwa jimbo hakukuifuta haki hiyo. Tangu hapo jimbo na makabila hukubaliana kila mwaka juu ya kiasi cha wolai kitakachovuliwa, wakakigawana.

Wengi walidhani kwamba historia imekwisha hapo, na kwamba lililobaki ni hesabu ya mafungu. Lakini ziwa lenyewe lilikuwa likibadilika. Maji yalikwisha kuanza kuwa maangavu zaidi tangu miaka ya 1980. Mwaka 2005 waligunduliwa kome wadogo wenye milia kama ya punda milia, wenye asili ya Ulaya ya mashariki, ambao huchuja maji na kula vijimea vinavyoelea. Mwaka 2009 akaonekana kidudu mgeni mwenye mwiba, anayekula chakula cha samaki wachanga. Tena maji yalizidi kupata joto. Ziwa lenye mwanga hafifu, lililomfaa mwenye jicho la usiku, likawa ziwa la mwanga. Wolai wachanga wengi hawakufika utu uzima. Mwaka 2016 jimbo liliwataka wavuvi wake wamrudishe majini kila wolai watakayemkamata. Masharti yalilegezwa baadaye kadiri samaki walivyoongezeka.

Besi, kwa upande wake, alistawi. Mwaka 2017 jarida la Bassmaster liliitaja Mille Lacs kuwa ziwa bora la besi katika Marekani nzima. Wavuvi waliozoea kwenda kwenye vilima vya matope machweo sasa waliwaona wenzao wakizunguka juu ya miamba mchana kweupe.

Hata hivyo wako waliozidi kuwalaumu Waojibwe na nyavu zao. Hapana shaka kwamba kila samaki anayevuliwa, awe wa ndoana au wa wavu, huhesabiwa. Lakini wataalamu wameona kwamba mwangaza wa maji, joto na viumbe wageni vimepunguza makao ya wolai, na mambo hayo hayachagui kabila. Kwa muda wa miaka mingi watu walibishana juu ya mgawanyo wa samaki, huku mahali pa samaki panapungua.

Historia hii inatufundisha sisi walimu mambo mawili. Kwanza, mkataba hukaa katika lugha mbili hata ukiandikwa kwa moja. Tafsiri iliyosemwa kwa mdomo siku moja ya mwezi wa Julai ilikuja kupimwa baada ya miaka zaidi ya 150. Pili, haki ya kuvua haiwezi kutenganishwa na hali ya maji. Waojibwe walipoomba wabakiwe na mito na maziwa, walitaja maji yenyewe pamoja na samaki waliomo. Leo maofisa wa jimbo na wa makabila huketi meza moja kila mwaka kuhesabu wolai waliosalia, na hesabu hiyo huwahitaji wote wawili.