Tairi la safari ndefu: soma ubavu kabla hujatoa hela

Hapa Ilembo, Mpanda, kuna swali haliishi vijiweni: tairi gani ndiyo kiboko kwa pikipiki ya safari ndefu? Mmoja atakutajia kampuni, mwingine atakwambia chukua lenye kashata kubwa, basi. Mimi nasema anza na kipande kibaya kuliko vyote cha njia yako na uzito utakaobeba. Jina la kampuni litafuata baadaye.

Hili nililijua kwa maumivu. Nilikuwa natoka Mpanda kwenda Karema, kule Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100, na abiria na gunia la mchele. Tairi la nyuma nilikuwa nimelinunua wiki ileile, linang'aa, bei chee. Katikati ya pori likapasuka ubavuni, na hapo kiraka hakishiki. Tukalala njiani, asubuhi mbung'o wakatumaliza. Nilipokuja kusoma maandishi yake nikakuta lilitoka kiwandani miaka saba nyuma. Dukani nililiita jipya!

Kwa hiyo ukiwa dukani inama usome:

1. Saizi. 3.00-18 maana yake upana inchi 3, rimu inchi 18. Ukiona 90/90-18, upana ni milimita 90 na kimo ni asilimia 90 ya huo upana, yaani milimita 81. Pikipiki nyingi za bodaboda zinavaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, rimu ya 17 au 18. Usilazimishe pana zaidi ili ionekane ya kibabe, litasugua cheni au madigadi.

2. Uzito. Tafuta namba yenye herufi, mfano 47P. 47 ni kilo 175 kwa tairi hilo moja, 52 ni kilo 200, 57 ni kilo 230. P ni mwendo wa mwisho, kilomita 150 kwa saa. Kumbuka hizo kilo ni pamoja na pikipiki yenyewe, na tairi liwe na upepo wa kutosha. Wazee wa mishikaki mnanielewa.

3. Umri. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likunje kidogo ubavuni, ukiona nyufa achana nalo hata kama kashata zote zipo.

4. Tyubu. TUBE TYPE linataka tyubu, TUBELESS halitaki. Rimu nyingi za spoku zinavujisha upepo bila tyubu, hivyo usidanganyike.

5. Mshale. Kama upo, ufuate upande tairi linakozungukia.

Sasa kashata. Kwenye lami, mfano ukielekea Tabora kupitia Koga, kashata ndefu zilizoachana zinaisha haraka, na breki za ghafla kwenye lami yenye maji zinakuwa mtihani kwa sababu mpira unaogusa chini ni mdogo. Kwenye tope la masika mambo yanageuka: kashata zilizobanana zinajaa udongo na tairi linakuwa kama kipara. Ukichanganya lami na vumbi, chukua la kati. Na usihamishie mbele tairi lililochoka nyuma. La mbele likiteleza, mara nyingi uko chini kabla hujajua.

Wanaofuatilia mbio za Dakar, zilizoondoka Paris mara ya kwanza Desemba 1978, wanajua baadhi ya hatua zake huitwa za marathoni: usiku dereva hana fundi wa timu, anatengeneza mwenyewe. Wengi wao hawaweki upepo kabisa, wanaweka pete ya povu zito ndani ya tairi, haipati pancha. Kwetu haifai, maana kwenye lami ya mwendo mrefu povu hilo linapata moto na kuharibika. Lakini somo ni lilelile, na sisi huku kila siku ni marathoni. Njia ya Sumbawanga inakatiza Hifadhi ya Katavi, kuna simba na tembo. Pale si mahali pa kukaa chini na vyuma vya kutolea tairi.

Mwisho, upepo. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, fuata kibandiko cha pikipiki yako. Mchangani unaweza kupunguza kidogo, ila ukitoka ujaze. Ukiuacha mdogo, tairi linachemka na tyubu inateleza mpaka inang'oka shingoni. Beba pampu ya mkono, viraka, solusheni na tyubu ya akiba. Kama rimu zako ni za 18 zote, zipo tyubu zilizoandikwa 2.75/3.00-18, moja inakuokoa mbele na nyuma.

Tairi bei chee halikuwa chee kwangu, maana nililipa kwa usiku mzima porini na abiria aliyeniamini. Naomba kuwasilisha.