Nani Anapiga Ngoma Hapa?

Papa alisikiliza wimbo wangu mpaka mwisho bila kusema kitu. Ulikuwa ndani ya simu, na sikioni alikuwa ameweka ile spika moja ya waya iliyobaki nzima, nyingine ilikufa zamani. Dakika nne na sekunde kumi. Mimi nilikaa juu ya jerikeni mbele ya mlango wake, nikiangalia mguu wake. Mtu aliyewahi kupiga muziki, uso wake unaweza kukudanganya lakini mguu hapana. Mwanzoni uligonga chini vizuri. Kwenye ubeti wa pili ukapunguza. Kwenye sebene, pale nilipotegemea kabisa uamke, ukatulia.

Akatoa spika sikioni.

"Huyu mwenye iko napiga drams, ni nani?"

"Ni mashine, Papa."

"Njo maana," akasema, akanirudishia simu.

Papa huyu si baba yangu mzazi. Kwetu sisi Wakongo wa hapa Nakivale mwanaume wa umri ule ni Papa, basi. Miaka ya 1980 alipiga kinanda kwenye bendi ya hoteli moja Bukavu. Vita vya 1996 viliwatawanya, kila mmoja njia yake, na tangu hapo hajakaa na bendi. Ndiyo sababu nilimpelekea yeye. Marafiki zangu wote walishasema wimbo ni moto. Nilitaka mtu atakayeniambia ukweli, na alipouniambia kwa maneno mawili, nililala vibaya.

Naomba nieleze wimbo wenyewe ulivyotengenezwa, ndipo tuingie kwenye historia.

Nina kinanda kidogo cha Casio, ukoo wa zile walizoita Casiotone, za miaka ya 1980. Nilikinunua kwa kwaya moja ya kanisa ilipopata kipya. Kilinilia posho ya miezi miwili. Vibao vitatu havisemi tena, lakini kinakubali betri, na hilo kwa mtu anayetegemea sola ni jambo kubwa. Kurekodi nafanya usiku, mashine ya kusaga ikishanyamaza. Natundika blanketi ukutani ili sauti isiruke ovyo, naweka simu juu ya ndoo, halafu nacheza kipande kimoja kimoja, na programu ya simu inavipanga kimoja juu ya kingine. Mvua ikianza kupiga mabati, kazi imekwisha kwa usiku huo.

Ngoma ilitoka kwenye kitufe. Unabonyeza, kinanda kinajipigia chenyewe mdundo mpaka ukizime. Nilifanya hivyo kwa sababu mpiga drams wetu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliondoka na familia yake kwenda Kanada. Tulimsindikiza mpaka kwenye basi. Kesho yake kundi la vijana ninalolisimamia lilikutana kama kawaida, na hapakuwa na mtu wa kutushikia mdundo.

Hapa kuna sehemu inayoniaibisha. Mtu alikuwepo. Wadogo wawili wa kundi letu wanapiga jerikeni na sanduku la mbao, tena wanapiga vizuri. Niliwaambia watulie kwanza, kwamba mashine inashika mwendo kuliko wao. Walikaa pembeni wiki tatu wakiangalia kinanda kikifanya kazi yao. Kwa hiyo Papa aliposema "njo maana", mimi nilijua anagusa nini hata kama yeye mwenyewe hakujua.

Basi nikaanza kutafuta. Hawa watu wa zamani walioweka mashine mahali pa binadamu, walikuwa akina nani, na nini kiliwafikisha hapo?

Nianze na kwetu. Zaïko Langa Langa ilianzishwa Kinshasa mwaka 1969 na vijana wadogo. Walifanya jambo ambalo wakubwa wao hawakulifanya: waliacha tarumbeta na saksafoni, wakaegemea magitaa, sauti na drams. Miaka michache baadaye ukatoka mdundo wa cavacha, ule unaokimbia juu ya ngoma ndogo ya snea bila kuchoka. Inasimuliwa kwamba mpigaji wao, Meridjo Belobi, aliutoa kwenye mlio wa treni. Iwe kweli au hadithi, ukiusikiliza unaona reli. Mdundo huo ulivuka mipaka kabla yetu. Bendi za Nairobi ziliuchukua katika miaka hiyohiyo ya 1970.

Wanamuziki nao walivuka. Orchestra Maquis walitoka Katanga wakafika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Kampala, akaingia Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Ukiangalia vizuri, hawa walikuwa na bahati moja. Walihama wakiwa kundi, au walikofika walikuta wenzao wa kupiga nao. Mpiga besi akiondoka, anatafutwa mwingine mtaa wa pili.

Miaka ya 1980 mambo yakabadilika, na vifaa ndivyo vilivyobadilisha. Sinthesaiza, au sinte kama wakubwa wetu wanavyosema, ni kinanda kinachotunga sauti kwa umeme. Hakina waya wa kugongwa wala bomba la hewa. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa na sauti nzito ya ajabu, lakini ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1980 Roland wakatoa TR-808, mashine ya ngoma ambayo unaipangia mdundo wako wewe mwenyewe. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7, yenye uwezo wa noti 16 kwa pamoja. Sasa mtu mmoja mwenye meza na soketi aliweza kufanya kazi ya watu sita. Wakongo waliokuwa wanarekodi soukous Paris wakati huo walizitumia sana. Studio ililipiwa kwa saa, na mashine haiombi nauli.

Mpaka hapo nilidhani nimepata jibu: mashine zilikuja kwa sababu ya pesa. Kumbe jibu lingine lilikuwa linanisubiri kwenye kikombe cha kahawa.

Hapa kwetu kuna Waethiopia, na mama mmoja wao anauza kahawa karibu na ninapofanyia kazi. Nilimpa naye asikilize wimbo, kwa kujaribu tu. Akacheka, akashika shavu. "Hii kinanda ni kama ya kwetu ya zamani! Kaka yangu alikuwa na kaseti." Akanitajia jina: Hailu Mergia.

Hailu Mergia alipiga ogani katika Walias Band, bendi iliyokuwa inapiga hotelini Hilton, Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie alipinduliwa mwaka 1974, na utawala wa kijeshi wa Derg ukaweka amri ya kutotembea usiku. Aliyeingia kucheza dansi jioni hakuweza kutoka mpaka kuche, kwa hiyo bendi ilipiga mpaka asubuhi. Hebu fikiria: muziki wa watu waliofungiwa ndani, na bendi haina ruhusa ya kuchoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Walias walikwenda kupiga Marekani. Ziara ilipokwisha, baadhi walirudi nyumbani na wengine wakabaki. Mergia alibaki.

Mwaka 1985, huko Washington, akarekodi kaseti akiwa mtu mmoja: akodiani ya utotoni mwake, piano ya umeme, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Bendi yake ilikuwa imegawanyika, nusu huku na nusu kule bahari. Sidhani kama aliwakimbia wenzake kwa kutaka sifa za peke yake. Kaseti ilisikilizwa Ethiopia, halafu miaka ikapita. Yeye akawa dereva wa teksi, anasubiri abiria uwanja wa ndege. Kwenye buti ya gari aliweka kinanda cha betri, na foleni ikiwa ndefu alikaa siti ya nyuma akapiga. Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, aliikuta ile kaseti Bahir Dar, akamtafuta mwenyewe, na mwaka 2013 ikatolewa upya. Watu wa dunia nyingine kabisa wakaanza kumwita jukwaani. Kati ya kurekodi na kupata maoni ya wasikilizaji hao ni miaka 28. Mimi nililalamika moyoni kwa sababu Papa alichukua siku tatu kunipa nafasi.

Nikaisikiliza ile kaseti ya 1985 mara nyingi, nikitafuta kitu kimoja: mbona mashine yake hainichoshi, na yangu inachosha? Mdundo wake ni mwepesi, haujifichi kuwa ni wa mashine. Lakini juu yake kuna akodiani. Akodiani ni chombo cha mapafu. Unaivuta, unaibana, hewa inaingia na kutoka, na mkono ukichoka kidogo sauti inachoka nao. Mashine inatembea, na juu yake kuna kiumbe kinachopumua.

Nikaangalia wengine, nikaona jambo lilelile. Francis Bebey, mzaliwa wa Douala, Kameruni, mwaka 1929, alikuwa mtangazaji, mwandishi wa riwaya, na mtumishi wa UNESCO kule Paris. Mwaka 1974 aliacha kazi hiyo nzuri ili afanye muziki wake. Nyumbani kwake Paris akawa anarekodi na ogani ya umeme, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Na juu ya mashine hizo aliweka ndehou, filimbi ndogo ya watu wa msituni, yenye noti moja tu. Kazi iliyobaki inamaliziwa na sauti ya mpulizaji mwenyewe: anapuliza, anaimba, anapuliza, anaimba. Tena pumzi.

Mfano wa tatu unakihusu kabisa kile kitufe changu. Kampuni ya Casio ilitoa mwaka 1981 kinanda kidogo cha MT-40. Midundo yake ya kubonyeza ilitungwa na mfanyakazi kijana, Hiroko Okuda, aliyependa sana reggae. Kule Jamaika, Wayne Smith na mwenzake Noel Davey wakabonyeza mdundo ulioandikwa "rock", na mwaka 1985, mikononi mwa mtayarishaji King Jammy, ukazaliwa Sleng Teng. Muziki wa Jamaika ukageuka kuanzia siku hiyo. Kumbe kitufe si dhambi! Lakini walikipunguza mwendo kwanza, halafu mtu akaimba juu yake kwa kifua chake.

Nikarudi kwa Papa. Safari hii nilibeba kinanda chenyewe, na nilimweleza habari za akodiani na filimbi. Alinisikiliza kwa uvumilivu kama mtu anayeelezwa kwamba maji yanalowesha.

"Mwana wangu," akasema, "weye ulifunga mulango ya wimbo. Mashine imejaza kila kitu. Mimi nikiingia humo nitaikala wapi?" Akanionyesha kwa kidole juu ya goti. Kwenye sebene, akasema, magitaa ya kwetu hayapigi yote kwa pamoja. Moja linasema, lingine linajibu, na drams inawasikia, inasukuma kidogo mmoja anapopata moto. "Mashine haisikie mutu. Njo kosa yake. Haiko mubaya. Iko kiziwi."

Akakivuta kinanda akaweka vidole. Sikujua kama angekumbuka. Alikutana na kibao kimoja kisichosema, akakizunguka, akakutana na cha pili, akacheka, akaanza tena chini zaidi. Alipiga labda dakika mbili. Sikurekodi. Nilikuwa naangalia mguu wake.

Jumamosi iliyofuata niliwaomba radhi wale wadogo wawili. Mmoja alikubali haraka, mwingine aliniuliza mbele ya wote: "Kaka, mashine imeharibika?" Nilisema hapana, mimi ndiye nilikosea. Tukarekodi upya. Mashine tuliiacha itembee chini, polepole, kama mtu anayesaga mihogo nyumba ya jirani. Jerikeni na sanduku vikaingia juu. Kwenye sebene tulizima kitufe kabisa. Hapo mwendo uliongezeka, ndiyo, unasikika kabisa, wadogo walipata moto wakakimbia, na sisi tukawafuata.

Nimemtumia rafiki yangu wa Kanada. Kule kwake kulikuwa usiku wa manane, lakini alijibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza alikaa kimya, nikamsikia anagonga meza kwa vidole, anajaribu kupiga pamoja nao. Halafu akasema: "Jerikeni imechelewa kidogo pale mwanzo wa sebene." Akagonga tena. "Muache hivyo hivyo. Musiguse."

Papa naye amesikiliza. Mguu uligonga mpaka mwisho. Kisha akasema sebene ni fupi mno, kwamba enzi zao watu walikuwa hata hawajavua koti kwa muda ule. Tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi, tutaupiga uwanjani, na tumeshaurefusha. Kinanda kitakuwepo na vibao vyake vitatu vilivyokufa. Atakayekipiga, tumemuomba awe Papa. Bado hajajibu, lakini jana alimtuma mjukuu wake kuuliza betri ni za ukubwa gani.